Ulifanya Nini Kambini?

Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita, walimu na wazazi, Singida



Nimeombwa nizungumzie insha ya kuombea nafasi ya chuo, hasa pale mwombaji anapotaka kueleza miezi yake katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Najua baadhi yenu mnajiuliza: insha ya nini? Ukitaka kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Dodoma, hakuna anayekuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Tume ya Vyuo Vikuu imeweka vigezo, chuo kinatazama ufaulu wako wa kidato cha sita, majibu yanatoka. Mimi utaratibu huo siudharau. Mtoto wa mkulima wa alizeti na mtoto wa waziri wanapimwa kwa alama zilezile, na hakuna anayempita mwenzake kwa ufasaha wa kalamu.

Ila upo mlango mwingine, na kila mwaka vijana kadhaa wa mkoa huu wanaubisha. Vyuo vingi vya Marekani vinapokea maombi kwa fomu ya pamoja inayodai insha isiyozidi maneno 650. Uingereza kwa miaka mingi walitaka maelezo binafsi yasiyozidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa humo humo. Kwa wanaoingia chuo kuanzia mwaka 2026 maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu. Wafadhili wengi wa masomo nao wana fomu zao. Wote hao wanataka kukujua wewe ambaye cheti hakikuonyeshi. Hapo ndipo kijana wa Kitanzania anapokuna kichwa, halafu anaandika: JKT.

Simlaumu. Ana miaka kumi na minane au kumi na tisa, amekaa bweni, amekariri, amefanya mtihani. Kitu kikubwa kilichomtokea nje ya darasa ni kuitwa na serikali, kupanda basi na bukta ya bluu iliyokolea, fulana ya kijani na raba ndani ya begi, na kuvushwa mikoa hadi Msange, Bulombora, Mafinga au Rwamkoma. Jina la JKT lina heshima. Baba yake alilitaja kwa sauti ya chini, mwalimu wake wa zamu alijisifia nalo. Basi anaamini kwamba ukilitaja tu, msomaji naye atasimama wima.

Msomaji hasimami. Nimesoma maombi ya vijana wetu kwa muda mrefu kiasi, na nawaambia insha za JKT ndizo zinazofanana kuliko zote. Zinafanana hata mahali pa kuweka nukta. Nimejiuliza sana kwa nini jambo zito namna ile likitua kwenye karatasi linakuwa jepesi, na jibu nililolipata linanirudisha nyuma kidogo kwenye historia. Nivumilieni.

JKT lilizaliwa tarehe 10 Julai 1963. Mwanzoni lilikuwa la kujitolea, na waliojitokeza zaidi walikuwa vijana ambao shule haikuwafikisha mbali. Wasomi walibaki pembeni. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo nao wataingia, kwa lazima. Masharti yalikuwa haya: miaka miwili kwa jumla, takriban miezi mitano kambini, na muda uliobaki wafanye kazi zao za kitaaluma huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, wamebeba mabango. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, wakamsomea waraka wao, naye akakasirika hadharani. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Siku hiyohiyo, akijibu hoja yao ya mishahara, Mwalimu akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa waliruhusiwa kurudi chuoni mwaka uliofuata.

Siwasimulii haya ili mwandamane. Nataka mtazame jambo moja ambalo wanahistoria hawajali sana, ila mwalimu wa uandishi analijali: wale vijana, hata kama walikosea, walikuwa wanasema wanachofikiri. Ukisoma habari zao leo unajua kilichowauma ni kipi. Kiliwauma kipato, kiliwauma kuona viongozi wanaowahubiria kujinyima wakiwa hawajinyimi, na kiliwauma kiburi cha mtu aliyesoma anapoambiwa ashike jembe. Mengine hayapendezi, lakini unamwona mtu nyuma ya maneno. Sasa chukua insha ya mwombaji wa leo kuhusu JKT hilohilo. Humwoni mtu. Hujui kama alifurahi, kama alilia usiku, kama alimchukia afande, kama alipenda mchakamchaka. Unaona taifa, uzalendo na umoja, kila kitu isipokuwa yeye.

Kuna tukio la pili. Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, na Azimio la Musoma likabadili njia ya kuingia chuo kikuu. Kijana hakwenda tena moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Alitakiwa kwanza apite JKT, kisha afanye kazi, kwa kawaida miaka miwili, na ndipo aombe chuo akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Nia ilikuwa njema: wasomi wasiwe watu wa vitabu vitupu. Moja ya matokeo yake ni kwamba idadi ya wasichana wanaoingia chuo ilishuka, kwa sababu msichana anayesubiri miaka kadhaa kambini na kazini ana mambo mengine yanayomngoja, na baada ya muda si mrefu wao waliondolewa sharti hilo.

Ninachotaka mkitazame kwenye Musoma ni nani aliyekuwa shahidi. Tabia yako ilishuhudiwa na wengine: bosi, katibu wa tawi. Wewe mwenyewe hukuulizwa. Barua za namna hiyo tunazijua hadi leo, maana ofisi zetu bado zinaziandika: anayetajwa ni mtiifu, mchapakazi na hana rekodi mbaya. Kizazi kizima kilizoea kwamba sifa za mtu huandikwa na mkubwa wake, kwa maneno ya mkubwa wake. JKT la lazima likasimamishwa mwaka 1994, likarejeshwa 2013, na safari hiyo wabunge vijana kadhaa walitangulia kambini kuonyesha mfano. Watoto wakarudi kwenye kwata. Lakini tulipowapa kalamu wajieleze wenyewe, walikuwa na kielelezo kimoja tu mikononi: barua ya katibu wa tawi. Kwa hiyo wanajiandikia barua hiyo.

Sikilizeni inavyosomeka. Hii nimeitunga, lakini mtaitambua: “Mafunzo ya JKT yalinifundisha uzalendo, ukakamavu, nidhamu na kujituma. Nilikutana na vijana kutoka mikoa yote bila kujali dini wala kabila. Changamoto zilikuwepo lakini nilizishinda. Sasa niko tayari kulitumikia taifa langu.” Kila sentensi ni ya kweli, na hakuna hata moja iliyo yake. Futa jina la mwandishi, uweke la kuruta aliyelala kitanda cha juu kwenye dabodeka lake, na la yule wa hanga, yaani bweni, la pili, na la mtu aliyekuwa kambi ya mkoa mwingine kabisa. Bado itakuwa kweli kwa wote. Insha ya namna hiyo imelieleza jeshi, na jeshi haliombi chuo.

Walimu wa Kiswahili mliopo hapa msininunie, lakini tuna sehemu yetu. Tumewafundisha insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho, tumewapa alama za methali, tumewazoesha kuanza na tangu dunia iumbwe. Kwa mtihani imefaa. Kwa kazi hii inamaliza nafasi. Mtu mwenye maneno 650, akitumia 120 kueleza umuhimu wa vijana katika taifa lolote lile, amebakiza kidogo, na kidogo hicho atamwagia orodha ya maadili.

Lipo jambo lingine gumu zaidi, nalo wachache wanalifikiria. Mafunzo ya mujibu wa sheria, yale mnayoitiwa baada ya kidato cha sita, ni lazima. Hukuchagua kwenda. Kwa hiyo kwenda kwenyewe hakusemi chochote juu yako, kama ambavyo kuandikishwa darasa la kwanza hakusemi. Yule aliyejiunga kwa kujitolea anaweza kuanza na uamuzi wake wa kwenda: aliacha nini, alitarajia nini, nyumbani walisemaje. Wewe wa mujibu wa sheria huna uamuzi huo. Inabidi uutafute mwingine, ndani ya miezi mitatu ya kambi. Katika maisha ambayo kengele, filimbi na afande vinakuamulia saa ya kuamka, ya kula, ya kukimbia na ya kulala, ni wapi wewe uliamua jambo? Pakitafutwa, mahali hapo huwepo, na mara nyingi ni padogo. Padogo pananifaa.

Nimtunge kijana tumtumie darasani. Tumwite Neema, wa Ikungi, mchepuo wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Kambini kwao kombania ilikwenda kula kwa mpangilio wa platuni, ya kwanza ikitangulia kila siku. Platuni ya nne ilikuwa inachelewa kurudi kutoka fatiki, yaani kazi ya mikono, ya kutafuta kuni, na ilipofika kwenye sufuria ilikuta mchuzi unaonukia maharage, maharage yenyewe hayapo. Neema alikuwa platuni ya kwanza. Alikuwa anashiba.

Siku alipopewa zamu ya kusimamia mgao, akamwendea afande wa jikoni, akaomba ruhusa: je, platuni ya nne inaweza kuanza, kwa juma moja tu? Akaruhusiwa. Wenzake wa platuni ya kwanza wakamnunia. Mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba anajipendekeza. Na maharage yakaisha vilevile, safari hii kwa platuni ya kwanza. Basi akaanza kutazama mikono ya wachotaji badala ya foleni. Kila mchotaji alikuwa na chombo chake, mwingine upawa, mwingine bakuli la plastiki, na wa mwanzo walichota kwa ukarimu kwa sababu sufuria lilikuwa bado limejaa. Akaomba kikombe kimoja cha bati kitumike kwa wote. Juma lililofuata platuni ya nne haikushiba sana, lakini ilipata maharage.

Hiyo ndiyo insha. Haina afande mkali aliyegeuka kuwa baba wa pili, haina mvua ya usiku, haina bendera ikipandishwa huku machozi yakimlengalenga mtu. Msomaji wa chuo anaona binti aliyegundua jambo ambalo halikumuumiza yeye. Anaona kwamba aliomba ruhusa, maana yuko jeshini na si mahali pa kujifanyia mambo. Anaona aliyemnunia. Halafu anaona kitu ambacho wahadhiri wanakitafuta kwa tochi: maelezo yake ya kwanza hayakuwa sahihi, akayaacha, akatazama upya. Akisema katika aya ya mwisho kwamba anataka kusoma takwimu, mtu anamwelewa. Asiposema neno uzalendo hata mara moja, platuni ya nne imeshasema.

Mtaniuliza, na huku si kujisifu? Sisi tumelelewa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba aliyelelewa vizuri hasimami mbele ya wazee akataja mema yake, anangoja yatajwe. Naliheshimu hilo, na sitaki mliache ili mfanane na watu wa mbali. Ila angalieni tena habari ya Neema. Ni sentensi gani anayojisifu? Anasimulia kuni, foleni, upawa, kikombe. Anayejisifu ni yule anayeandika kwamba ana ukakamavu na moyo wa kujituma, kwa kuwa huyo anatoa hukumu juu yake mwenyewe bila ushahidi. Simulieni kazi na watu wengine waliokuwepo, hukumu muiachie upande wa pili.

Kuhusu bunduki. Wapo wanaoogopa kwamba msomaji wa Boston au Manchester akiona neno jeshi atadhani ameletewa maombi ya mpiganaji. Mweleze kwa sentensi moja au mbili, kwa utulivu: kwamba nchini kwako wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa miezi mitatu ya malezi, kazi za mikono na mafunzo ya awali ya kijeshi. Kisha endelea na habari yako. Usianze kuomba radhi, na wala usilitie chumvi upande wa pili ukajifanya komando. Majirani zetu nao wanajua mambo haya: Kenya katika miaka ya 1980 iliwapitisha waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu kwenye kambi ya NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, kule Gilgil. Hatujabuni ajabu. Ila kumbukeni kwamba mafunzo yanapofungwa kuruta hula kiapo. Ramani ya kambi, idadi ya walinzi, utaratibu wa lindo, aina ya silaha, hayo hayaingii kwenye insha. Yasiyotakiwa kusemwa yanaachwa kimya, na insha haipungukiwi kitu. Upawa hauna siri ya taifa.

Na ambao hawakwenda? Miaka ya mwanzo baada ya 2013 nafasi hazikutosha wahitimu wote, na hata leo wapo wanaobaki kwa maradhi au kwa sababu nyingine za msingi. Wenye ulemavu unaoonekana wamekuwa wakielekezwa kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwahudumia; mmoja wao akiandika vizuri juu ya miezi hiyo, sioni insha ya kumshinda. Aliyebaki nyumbani asidhani amekosa mada. Miezi ileile wenzake wako kwatani, yeye alikuwa anapepeta alizeti, anapeleka kuku mnadani, anamsaidia mama yake kupata bei ya vitunguu isiyo ya kunyonywa. Swali ni lilelile: uliamua nini, na ilikugharimu nini? Kwa kweli huyo ana nafasi kubwa zaidi ya kujibu, maana hakuwa na filimbi ya kumwongoza.

Niseme neno kuhusu steshenari zetu. Mnajua kwamba mtu anaingia pale, anasema anataka barua ya maombi, na kijana wa kompyuta anafungua faili lililokwisha kutumiwa na watu wengi, anabadilisha jina na tarehe. Bei ni ndogo, na kwa barua ya kuomba kibarua pengine hakuna dhara. Siku hizi steshenari imehamia kwenye simu: unaiambia programu ya akili unde ikuandikie insha ya JKT, nayo inakupa, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, insha ileile ya uzalendo na ukakamavu. Haikuwepo jikoni, itajua wapi habari za kikombe cha bati? Ukitaka ikusahihishie tahajia, na chuo unachoomba kinaruhusu, sina ugomvi. Lakini andika kwanza mwenyewe, tena andika kwa Kiswahili. Afande alifoka kwa Kiswahili, wenzako walikununia kwa Kiswahili, na ukianza moja kwa moja kwa Kiingereza utaandika yale tu ambayo Kiingereza chako kinayaweza. Ukimaliza, ndipo uhamishe, polepole, na mwalimu wako akiwa karibu.

Suala la muda nalipitia haraka. Mtihani wenu unaisha Mei, kambi kwa kawaida huanza mwishoni mwa Mei au Juni, matokeo ya NECTA yanatoka Julai ukiwa bado umo hangani, na dirisha la vyuo vya hapa nyumbani linafunguliwa muda huohuo. Vyuo vya Marekani vingi vinafunga awamu ya mapema karibu na Novemba mosi na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Maana yake mwezi Septemba, umerudi, umekonda, unalala hadi saa tatu, ndio mwezi wa kuandika. Usingoje Desemba. Miezi mitatu ya kambi inafutika kichwani upesi kuliko mnavyodhani. Yanabaki mambo makubwa ambayo kila mtu anayo, na yale madogo yanayokufaa yanaondoka. Ukirudi tu, kabla hujaanza kuwasimulia wadogo zako na kuyanogesha, keti siku moja uyaandike majina ya watu, vyakula, kazi, ugomvi. Wala usiyapange.

Mwisho niko na walimu. Insha ya kijana huenda pamoja na barua yako, mwalimu, na hapo tunarudi kwa katibu wa tawi. Nawasihi: msiandike tena kwamba anayehusika ni mtiifu na mchapakazi. Andika siku moja uliyomwona akifanya kitu. Kama humkumbuki hata kwa siku moja, mwambie ukweli amtafute mwalimu mwingine, maana barua tupu inamharibia kuliko kukosa barua. Na akikuletea rasimu yake, usiirembe. Nimeona insha nzuri ya mtoto ikiingia mikononi mwa mwalimu wake ikiwa na sufuria na kuni, ikatoka ina mustakabali wa vijana katika karne ya 21. Mwalimu alikuwa na nia njema kabisa. Weka alama ya kuuliza pembeni pale usipoelewa, mrudishie, na umwache ahangaike.

Nitapokea maswali sasa. Wanaorudi Nduguti leo waulize kwanza, usafiri wa jioni wanaujua wenyewe. Na mwenye rasimu mfukoni asiifiche. Tutaisoma hapahapa, akiridhia.